Andika Ovyo, Andika Kila Siku

(Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi kwenye kikao cha waandishi chipukizi hapa Mombasa. Watu wameniomba niyataipu, basi nimeyaacha vile vile yalivyotoka mdomoni, msinitafutie koma.)

Asalaam aleikum jamani, hamjambo? Wazee wangu mlioketi mbele shikamooni. Vijana mliojibanza kule karibu na mlango nawaona, songeeni mbele, leo hakuna mtihani. Ndugu mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno mengi mpaka nikaanza kujiuliza anamsema nani, lakini mimi kazi yangu ni moja tu, naandika michezo ya redio na hadithi za mfululizo, zile za "itaendelea wiki ijayo", na nimeitwa hapa niongee kuhusu kukwama. Aliyenipigia simu aliniambia, kaka njoo utuambie mtu afanye nini akiblanki. Basi hilo ndo nitakalolisema alafu tunywe chai.

Ebu kwanza nyoosheni mikono. Nani hapa ana hadithi aliyoianza kwenye simu au daftarini na mpaka leo haijaisha? Eeh. Nyote, hata mzee wangu pale mwenye kofia. Haya shusheni. Sasa nani hapa wiki hii ametuma voisi noti ya zaidi ya dakika tatu, ile ya kumsimulia mwenzio umbeya wa harusi, au vile konda alikataa kukupa chenji ukashuka na yeye mpaka steji tukaulizane vizuri? Mwaona, mikono ni ile ile! Sasa niambieni, mtu anayeweza kusimulia dakika tatu bila kumeza mate, na mwenzake anaisikiliza mpaka mwisho na kucheka na kumtumia dada yake, huyu mtu ameishiwa maneno? Hajaishiwa. Maneno anayo tele. Lakini mpe karatasi umwambie yaandike hayo hayo uliyosema, utamuona anatafuta kalamu nzuri, anafuta, anaamka kunywa maji, anarudi anaandika kichwa cha hadithi anakipigia mstari na rula, alafu basi, imeishia hapo.

Huko New York miaka ya 1940 kulikuwa na daktari wa nafsi, Edmund Bergler, aliwatibu waandishi waliokwama na akaandika sana juu ya huo ugonjwa, na yeye alishikilia ati mzizi uko utotoni kabisa, kinyongo cha mtoto kwa mama kuhusu maziwa. Mimi mama yangu mumtoe kwenye hiyo kesi. Alininyonyesha vizuri tu na bado kuna asubuhi nakaa mbele ya karatasi natoka jasho.

Mimi naona hivi. Mtu akikaa kuandika, kwenye kile kiti wamekaa watu wawili. Kuna anayeandika na kuna anayesahihisha, na huyu wa pili hana subira, neno la tatu halijafika kwenye mstari keshaanza, hiyo si sawa, hiyo imeshaandikwa na watu, hiyo watakucheka, hiyo shangazi yako akiisoma je? Na ana kazi yake, simfukuzi moja kwa moja, bila yeye nyote mngekuwa mwachapisha takataka. Shida yake ni saa anayokuja. Mpunga unakatwa kwanza, unapurwa, unakobolewa, alafu ndo mtu anakaa barazani na uteo wake anatoa mawe. Hamjaona mtu amekwenda shambani na uteo anatafuta mawe kwenye mpunga uliosimama. Lakini sisi waandishi ndivyo tunavyofanya kila siku kisha twashangaa mbona hatujala.

Sasa dawa. Aliyeifanya hii dawa ijulikane sana ni Mmarekani mmoja, mwalimu wa chuo, Peter Elbow, kitabu chake kilitoka 1973. Na nimpendacho huyu bwana ni kwamba hakuwa mmoja wa wale ambao kuandika kwao ni raha tupu. Alikwenda Oxford kusoma, insha za kumpelekea mwalimu zikamshinda. Akarudi kwao akaingia Harvard kutafuta PhD, akaacha njiani kwa sababu karatasi hazitoki. Yaani alikwama kukwama kwenyewe, si huku kwetu kwa wiki mbili. Baadaye akapata digrii yake chuo kingine, akaanza kuchunguza ni nini hasa kilichomkwamua, akaandika kitabu kinachosema mtu anaweza kujifunza kuandika bila mwalimu, na waliokichapisha ni nani? Oxford hao hao. Mungu ana utani.

Sheria zake ni chache. Unaweka dakika kumi. Unaanza kuandika na husimami mpaka dakika kumi ziishe, na nikisema husimami namaanisha kalamu haiinuki kwenye karatasi. Hurudi nyuma kusoma ulichoandika. Hufuti. Neno likikataa kuja unachora kamstari unaendelea. Huna la kusema unaandika sina la kusema, ukiwa bado huna unarudia lile neno la mwisho mara nne, tano, sita mpaka kichwa kichoke na huo ujinga kikupe kitu kingine. Tahajia, herufi kubwa, nukta, yote hayo si kazi ya leo. Yeye alisema angalau mara tatu kwa wiki, mimi nasema kila siku na sababu yake ntawaambia.

Wengi mkisikia hivyo mwadhani kitatoka kitu kizuri papo hapo. La hasha. Ebu niwasomee kitu, hiki ni changu mwenyewe, sijakipamba:

"sijui niandike nini leo sijui sijui feni inapiga kelele tena fundi alisema atakuja jumanne jumanne gani hakusema mkono unauma nimesahau kununua tokeni za stima alafu mama alipiga jana sikushika nitamwambia nini sijui sijui mama akipiga hasemi anachotaka anauliza kwanza umekula nini alafu anauliza huko mvua imenyesha alafu ndo anasema nyanya yako hawezi hawezi hawezi mbona nimeandika hawezi mara tatu fundi wa feni fundi wa feni nimpigie"

Basi. Mwacheka, chekeni tu, hata mimi nilicheka. Hiyo ni takataka na siwezi kuisoma redioni. Lakini angalieni pale katikati. Mama anauliza umekula nini, anauliza mvua, alafu ndo anakupa habari ya ugonjwa. Mimi nimeishi na mama yangu miaka yote hii na sikuwahi kuliona hilo, kwamba habari mbaya kwetu huwa inatanguliziwa chakula na mvua. Nimelichukua likawa mhusika kamili kwenye mchezo wangu, mama mmoja ambaye akianza tu kuuliza "umekula?" wasikilizaji wanajua kuna mtu kafa. Sasa ningekaa nikajiambia leo natunga mhusika wa mama, nawaambia kweli, ningewatungia yule mama wa michezo yote, mwenye busara, amekaa kwenye mkeka, anasema mwanangu dunia ni duara. Mnamjua. Amechoka yule mama, tumpumzishe.

Kitu kingine muhimu, lile jambo zuri halikuja mwanzo. Mwanzo ni feni na fundi na mkono unauma. Dakika tatu nne za kwanza huwa ni uchafu wa siku, malalamiko, madeni, joto, nani hajanijibu meseji. Watu wengi huacha hapo hapo, wanasema aah mimi sina kipaji naandika habari za feni. Kumbe ile feni lazima ipite. Ndo maana mtu anaweka saa, kwa sababu ukijiachia uamue mwenyewe mahali pa kusimama utasimama penye feni.

Nije kwa jambo ambalo naona linatukwamisha sisi hasa, sisi wa huku. Mlofanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mko hapa? Naona wengi, maana imeondolewa juzi tu, watahiniwa wa mwisho walikuwa 2023. Mwakumbuka insha ya Kiswahili, alama 40. Na mwakumbuka mlivyofundishwa kuianza. Nani atanianzia? ... Haya, huyo! "Nilirauka alfajiri na mapema kabla ya jogoo wa kwanza kuwika." Mwingine? "Machozi yalinitiririka njia mbili mbili." Mwaona, miaka imepita na bado mko nayo kichwani, na mwalimu alikuwa na daftari zima la madoido hayo, mwayakariri, mwayamwaga, alama zinaingia. Siwalaumu walimu, mtihani ndo uliotaka hivyo, na wengine wenu yale madoido yaliwapeleka shule nzuri.

Lakini fikirieni yule mtoto wa Kisauni ambaye kweli anaamka alfajiri, kwa sababu mabomba hayatoi kitu na lazima afike kwa muuza maji mapema, anayasikia magurudumu ya mkokoteni na mitungi ya lita 20 inagongana gizani, anajua bei imepanda au imeshuka, anajua nani anaruka foleni. Huyo mtoto ana alfajiri yake kamili. Anaingia kwenye insha anaandika jogoo. Jogoo gani? Pale mtaani kwao labda hakuna hata kuku. Ameshajifunza kwamba kuandika ni kuacha yale unayoyajua ukachukua yale yanayosifiwa, na akiwa mtu mzima akitaka kuandika hadithi, yule jogoo anarudi, naye kwa kuwa sasa ana akili anajua jogoo ni uongo, na cha kweli hakuwahi kukizoesha mkono wake, basi anakaa hapo katikati. Huko ndiko kukwama kwa wengi wenu. Si uvivu.

Na sisi wa Mombasa tuna letu la ziada. Mwajua kwamba mkutano ulioamua Kiswahili sanifu kitokane na Kiunguja ulifanyika hapa hapa Mombasa, 1928? Walikuja kwetu, wakaketi kwetu, wakachagua cha Unguja. Sina ugomvi na Unguja, nina mashemeji kule. Lakini matokeo yake ni mtoto aliyezaliwa Kibokoni au Kuze akisema ndia na mato nyumbani, yaani njia na macho kwa Kimvita chetu cha Mombasa, akiandika hivyo shuleni anapigwa mkasi. Sasa mtu ambaye lugha ya mamake ilipigwa mkasi, kila anapokamata kalamu anaangalia juu kama kuna mtu anakuja.

Ndo maana nawaambia muandike mbio. Ukiandika mbio madoido hayakufikii, huna muda wa kwenda kuyatafuta. Nimewaona watu, siku za mwanzo daftari limejaa majogoo na machozi njia mbili mbili, alafu pole pole yanapungua yenyewe bila kufundishwa, linabaki lile analoongea mtu akiwa amekaa kibarazani na kahawa yake. Likishatoka hilo hapo ndo utaamua kama hadithi yako inataka usanifu au inataka Kimvita au Sheng, lakini uamue ukiwa na kitu mkononi.

Sasa kwa nini kila siku. Kuna watu husema, mimi naandika nikijisikia. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Boice, alilipima hilo, akachapisha 1983. Alichukua wahadhiri wa vyuo waliokuwa wanasumbuka kuandika akawagawa makundi matatu. Kundi moja wakaambiwa msiandike kabisa isipokuwa iwe dharura. La pili, andikeni mkijisikia. La tatu wakapangiwa vipindi vya kuandika na wasipotimiza kuna hela zao zinatumwa kama mchango kwa shirika wanalolichukia. Hebu waza, wewe shabiki wa Gor Mahia, usipoandika leo hela zako zinaenda AFC Leopards! Utaandika. Na kundi hilo la tatu ndo lililotoa kurasa nyingi, hilo ungetarajia, lakini pia ndo lililopata mawazo mapya mengi kuliko wale waliokuwa wanasubiri kujisikia. Maana yake ni kwamba yale mawazo tunayoyasubiri yaje ndo tuandike, huja mtu akiwa ameshaanza kuandika.

Na mimi hilo nalijua kwa njia yangu ya kibarua. Hadithi ya mfululizo haina habari na hisia zako. Jumatano waigizaji wako studio wanangoja, huyu amepanda matatu kutoka Mtwapa, yule ameacha mtoto kwa jirani, na wewe uwaambie nini, leo sina mudi? Unaandika. Wiki nyingine kinatoka kitu cha hovyo na unakijua ni cha hovyo na kinaenda hewani hivyo hivyo, wiki inayofuata kinatoka kitu mpaka fundi mitambo anavua hedifoni anakuangalia. Na sikuwahi kutabiri ni wiki gani. Kabla sijaanza kuandika, zote mbili zinafanana.

Yuko na mama mwingine wa zamani zaidi, Dorothea Brande, naye Mmarekani, 1934, yeye alishauri mtu aamke nusu saa au saa nzima kabla ya wakati wake, na kabla hajaongea na mtu, kabla hajasoma gazeti, aandike chochote kinachomjia. Leo gazeti ni simu. Ukishaingia WhatsApp asubuhi umekwisha, kichwa kimejaa maneno ya watu wengine, stetasi za watu, kifo cha mtu usiyemjua, siasa. Alafu akaongeza zoezi la pili kali zaidi. Ukiwa umeshazoea asubuhi, jiwekee miadi katikati ya siku, useme leo saa kumi jioni naandika robo saa, na ikifika saa kumi hata kama uko na wageni unaomba udhuru unaondoka unaandika. Kesho unaweka saa nyingine. Na anasema waziwazi, ukishindwa na hilo zoezi mara kwa mara, acha uandishi, tafuta kazi nyingine, kwa sababu kutotaka kwako kumeshinda kutaka kwako. Mama huyo hana mchezo. Mimi sifiki huko. Najua hapa kuna mabinti ambao saa kumi jioni wakisema nawaomba udhuru naenda kuandika, watu nyumbani watadhani kichaa kimeanza, na mahamri ya magharibi nani atayakanda?

Hilo la nyumbani nilisemee kidogo maana vitabu hivi vya Wamarekani havilisemi. Vimeandikwa na watu wenye chumba na mlango. Sisi wengi twalala watatu chumba kimoja, daftari likibaki kitandani dakika mbili limeshasomwa na mdogo wako kwa sauti, mbele ya wageni. Na huwezi kuandika ovyo ukijua kuna atakayesoma, utaanza kujipendekeza, utaandika vile unavyotaka uonekane. Kwa hiyo siri ni sehemu ya dawa. Namjua msichana mmoja alikuwa anaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lake la hesabu za kidato cha tatu, akijua hakuna binadamu atakayelifungua kwa hiari yake. Wengine huandika kwenye simu yenye pini. Wengine wanaandika kisha wanachana, na mimi sipingi, miezi ya mwanzo chana kama itakupa uhuru, mkono ushafanya kazi yake. Kuna mmoja huandika feri ya Likoni ikivuka, asubuhi kwenda, jioni kurudi, katikati ya watu mia ngapi sijui, na anasema hakuna mahali pa siri kuliko pale kwa sababu kila mtu anaangalia mahali pa kushukia.

Kila nikiongea haya kuna mtu huinuka kuniambia, mbona Abdilatif Abdalla aliandika gerezani kwenye karatasi za chooni, sisi tuna simu na laptopu tunalalamika nini. Mwana wetu wa Mombasa huyu, alifungwa 1969 kwa sababu ya lile andiko la "Kenya: Twendapi?", miaka mitatu, na mashairi aliyoyaandika kwa siri humo ndani ndiyo yaliyotoka 1973 yakiitwa Sauti ya Dhiki. Ni kweli. Lakini tafadhali msimtumie mzee kama fimbo ya kuwachapia watoto. Mtu aliyekwama ukimwambia fulani aliandika gerezani humsaidii, wamuongezea mtu wa tatu kwenye kile kiti.

Mimi kutoka kwake nachukua jambo jingine kabisa. Yale mashairi hayakuandikwa ovyo, yana vina na mizani kamili, na mtu anaweza kunipinga nayo, akaniambia ewe bwana wa andika-tu, mbona huyu alijibana na bado yalitoka? Nakubali. Aliyekulia kwenye mizani, mizani zenyewe humvuta, kina cha kwanza kinakwita cha pili. Sasa angalieni moja wapo humo, "Mnazi: Vuta N'kuvute", ni ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi, huyu anasema, yule anajibu. Na huo ndio utaratibu wetu wa zamani kabisa. Washairi wetu walijibizana. Gazeti la Mambo Leo toka 1923 lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji, mtu anauliza, mwingine anamjibu, wa tatu anawasuta wote wawili. Malenga wa namna hiyo haanzi na karatasi tupu, anaanza na mtu aliyemuudhi!

Basi hiyo ndo mbinu yangu nikikwama hata kwenye hizo dakika kumi, na inafanya kazi kuliko kurudia neno. Namjibu mtu. Naandika, "Wewe mjomba uliyesema kwenye harusi ya Fulani kwamba mimi sina kazi", alafu namwaga. Hutakosa la kusema, naapa. Mjibu mjomba, mjibu yule bosi, mjibu mchumba aliyekuacha, mjibu marehemu babu yako. Ukimaliza hutumi! Nasisitiza hapo, hutumi, maana kuna mmoja wenu najua ataituma.

Kuna upande mwingine wa hili niuseme kwa upole. Ukiandika bila breki kila siku, kuna siku utafika mahali penye kidonda. James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, 1986 huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo waandike robo saa siku nne mfululizo juu ya jambo lililowaumiza sana maishani, wengine wakapewa mambo ya kawaida tu. Walioandika maumivu yao, wakimaliza tu walikuwa wamevurugika zaidi, hilo lisifichwe, lakini miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo kuonana na daktari mara chache kuliko wenzao. Pennebaker mwenyewe ana kanuni moja, ukiona jambo linakuzidi, acha, andika kitu kingine. Hakuna tuzo ya kulia. Aliyefiwa juzi asije akalazimishwa na mimi hapa kuandika msiba, aandike bei ya nyanya, nao huo ni mwandiko.

Alafu watu hunisikia vibaya, wanadhani nasema hizo kurasa ndo kitabu. Sio. Kurasa hizo zikishakuwa nyingi, baada ya mwezi hivi, unakaa siku moja unazisoma kama za mtu mwingine, na sasa yule msahihishaji tuliyemwambia asubiri nje anaitwa, karibu baba, uteo huu hapa. Anapigia mistari vitu vichache, sentensi moja ukurasa huu, jina la mtu ukurasa ule, na kwenye daftari zima mengi ni feni. Hivyo vichache ndo vya kupelekwa mezani, na huko mezani kuna kazi ya kweli, kuandika upya mara nyingi, kukata, kumpa mtu asome. Sitaki kuwadanganya kwamba hiyo kazi inapungua. Inabaki vile vile. Ila sasa una cha kufanyia kazi.

Haya, maswali. Dada yangu pale.

Anauliza karatasi au simu. Karatasi ina faida moja, haina meseji zinazoingia. Simu ina faida ya siri na uko nayo popote. Ukitumia simu weka ile ya ndege, na zima ile kitu inayokukisia maneno, maana hiyo ni msahihishaji mwingine na hata Kiswahili hakijui, ukiandika "nakupa" inakuwekea majina ya watu. Kuna wanaoongea kwenye simu wakirekodi dakika kumi kisha wanaandika walichosema. Nimelijaribu, kwangu sauti inakuja na uigizaji, najisikia niko studio. Wewe jaribu.

Ndio kijana. Anasema yeye akiandika kila siku anajikuta anaandika lalamiko lile lile, baba yake na shamba, baba yake na shamba, anaona aibu mwenyewe. Mwanangu, mbona wewe ndo umeshaipata hadithi na hujaambiwa? Kesho badilisha mwenye kusema. Andika dakika kumi ukiwa baba, anakujibu wewe. Keshokutwa andika ukiwa shamba, hata kama ni upuuzi. Usipopata kitu nitafute unidai nauli.

Wa mwisho, mama pale, samahani sikukuona. Anauliza, yeye kwao ni Kilifi, akili yake ikienda kasi inaanza Kigiriama, aiache au airudishe kwenye Kiswahili? Mama, iache iende. Nani amesema hizo dakika kumi zina sare ya shule? Andika Kigiriama, likikatika ingia Kiswahili, kikikatika weka Kiingereza cha sokoni, huandikii mtu. Siku ya kupeleka mezani ndo utachagua, na usishangae ikawa umechagua Kigiriama. Ukikiandika niite nije nisikilize, sitaelewa nusu yake lakini nitakuja.

Naona vikombe vimeshapangwa. Mwenyekiti, mimi nimemaliza, asanteni sana.